Alhamisi za Babu Chupa

Mwezi uliopita nilikwenda Mkomani kumwangalia binti yangu aliyejifungua. Mchana mmoja, mtoto amelala na vyombo vimeshaoshwa, akaniita, "Mama, hebu ndoo uone nilichokipata." Alikuwa na simu mkononi. Kabla sijavaa miwani muziki ulianza, zile kengele za mbali na ile filimbi ya huzuni, nami nikaujua mara moja. Ulikuwa mchezo wetu wa televisheni wa Alhamisi, ule wa askari kanzu mzee wa mji wenye theluji, ambao mara ya mwisho niliuona nikiwa msichana wa shule ya msingi kule Mtongwe.

Tukautazama pamoja. Sasa Kiingereza nakijua, nimekifundisha watoto wa watu miaka mingi, na kila neno nilikuwa nalisikia vizuri. Mzee akaingia katika chumba alichowekwa mshukiwa, akafungua chupa yake ya chai, akajimiminia, akaketi. Nikamwambia binti yangu, "Sikiliza sasa. Atamwambia, karibu mwanangu, unywe chai kwanza, hatuna haraka, mimi nawe tutayatafuta haya mambo pamoja." Maneno yale nilikuwa nayajua kama jina langu. Mzee akainua macho akasema, "Jumanne ulikuwa wapi?" Basi, hakuongeza. Na chai ile akainywa peke yake.

Binti yangu alicheka sana. Mimi sikuweza. Nilijua palepale maneno yale yalikuwa ya nani.

Wewe uliyekulia ng'ambo ile ya feri utaikumbuka Mtongwe ya miaka ya themanini inapokwisha. Stima ilikuwa haijatufikia wengi. Mama yangu alikuwa ameolewa Kisauni, nami, kwa kuwa mjukuu wa kwanza, niliachwa kwa nyanya nimpe mkono wa kazi. Asubuhi nafagia uwanja, nateka maji, nawasha moto wa makumbi ya nazi. Jioni namwanulia nyanya ukili wake wa mikeka aliouanika juani, naye anasuka huku mdomo unafanya dhikri na macho yanahesabu wapitao. Nyumba ilikuwa na watu watatu tu: nyanya, mimi, na mjomba, kitinda mimba wa nyanya, fundi wa redio mwenye kibanda cha mabati karibu na gati. Ukipita pale ulipokelewa na harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka na redio tano sita zinazosema kila moja lake. Wateja wake hakuwajua kwa majina. Aliwajua kwa redio zao. "Yule wa sauti ya kukwaruza," atakwambia, "yule wa mshipi wa kaseti."

Televisheni ilikuwa kwa jirani yetu, mke wa baharia. Mumewe aliileta kutoka safari, sanduku la mbao lenye milango kama kabati, picha nyeusi na nyeupe, na ilikula betri ya gari. Alhamisi alasiri betri ilitoka kuchajiwa, na mke wa baharia akaigeuza televisheni ikatazama uani. Mikeka ikatandikwa. Wanawake na watoto mbele, wanaume kwenye viti vya nyuma karibu na kisima. Mtu huja na mihogo ya kuchoma iliyopakwa pilipili na ndimu, mwingine na sinia la kaimati, na mtoto mmoja lazima awe juu ya ukuta ameshika mti wa erio ya kunasia picha, anapigiwa kelele, "Huko huko! Usitikisike!"

Nyanya alikuwa mtu wa dini, na usiku wa kuamkia Ijumaa kwake ulikuwa mzito. Lakini alijipangia mambo. Yasini aliisoma mapema, kabla ya jua kuzama, akaswali magharibi nasi nyuma yake, halafu akajifunga kanga ya pili, akasema, "Haya, twendeni tukamwone mzee wetu."

Mzee huyo sisi watoto tulimwita Babu Chupa, kwa ajili ya ile chupa ya chai ambayo hakuiacha hata akienda kutazama maiti. Alikuwa na msaidizi mmoja, kijana mwembamba wa kumbebea mkoba, naye tulimwita Kijana tu. Mchezo ulianza punde baada ya magharibi, na kabla ya adhana ya isha aliyeua amejulikana. Haikukosa. Nyanya alipenda hilo kuliko yote. Watu wakitoka msikitini, dunia ya kule kwenye theluji ilikuwa imeshatengenea.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, na pale uani waliokijua walikuwa wachache. Hapo ndipo mjomba alipokuwa mfalme. Alisimama kando ya televisheni, mgongo ukutani, akatufasiria. Hakufasiri hivi hivi. Aliwapa watu sauti. Tajiri muovu alipewa sauti ya puani kama ya fundi cherehani wa mtaani, na fundi cherehani mwenyewe ameketi palepale anacheka mpaka anafuta machozi. Nyanya akiuliza, "Asemani huyo?" mjomba hajibu kwa neno moja.

"Asema, mama, naomba radhi kwako na kwa watu wote, shetani alinipitia."

"Na Babu Chupa asemani?"

"Asema, hayo ya hukumu si yangu, mwanangu. Lakini watoto wako tutawaangalia, usihofu."

"Alhamdulillahi," nyanya husema, na wanawake wenzake huitikia.

Nami niliyeusikia juzijuzi kwa masikio yangu nakwambia: hakuna aliyeomba radhi, na hakuna aliyewaangalia watoto wa mtu. Mjomba alikuwa anatutilia mwenyewe. Alikuwa anamchezea mama yake mchezo mwingine juu ya ule mchezo, na mtaa mzima tukaushiba.

Siku moja ukaisha. Babu Chupa akastaafu. Walimuonesha kwenye stesheni ya gari la moshi, anaagana na Kijana aliyehamishiwa mji mwingine, na mwanamke wa televisheni akatangaza kwamba baada ya mfungo tutaletewa mchezo mpya, wa Kijana mwenyewe na kesi zake. Wanaume wakabishana pale kisimani. Mmoja anasema hautakuwa na ladha, kijana hana hekima ya mzee; mwingine anasema ni yule yule, damu ni moja. Mjomba akawatuliza. "Kijana amefunzwa," alisema. "Mtaona. Atafanya kama mzee."

Ramadhani ikaja, Idi ikapita. Jumamosi moja asubuhi, kabla mchezo mpya haujaanza, nilimpelekea mjomba kibandani mahamri na mbaazi. Nilikuwa sijaliweka chini lile bakuli walipoingia wanaume wawili, mashati yamepigwa pasi, viatu safi. Mmoja akanyoosha kidole kwenye rafu.

"Redio hii ni ya nani?"

"Ya mteja," mjomba akasema.

"Jina lake?"

"Jina silijui, bwana. Mtu wa kupita tu. Ameniambia atairudia Ijumaa."

"Imeibwa nyumbani kwa mtu, Jumatatu. Twende."

Mjomba akawatazama kama anayengoja maneno mengine. Nami pia nilingoja. Nilidhani watauliza mtu huyo ni mrefu au mfupi, mweupe au mweusi, alikuja na nani. Nilidhani mmoja wao ataketi. Walimshika tu mkono. Akaniambia, "Mwambie mama naja sasa hivi," nao wakaenda naye. Mbaazi zilikuwa bado zinatoa mvuke.

Nyanya alipoambiwa hakulia. Alivaa buibui lake, akanishika mkono, tukaenda kituo cha polisi. Alikuwa na la kusema, na lilikuwa la kweli: Jumatatu ile mjomba alikuwa na homa. Alilala kutwa kwenye kitanda cha kamba ukumbini, na nyanya alikuwa mlangoni anasuka ukili, akamnywesha uji wa mtama, akamfuta jasho, akamwamsha aswali alasiri. Mtu hawezi kutoka nyumba ile bila kuuruka mguu wa nyanya.

Aliyekuwa mezani alimsikiliza nusu. Hakuwa mkali. Nafikiri alikuwa amechoka. "Mama, nenda nyumbani," alisema. "Ukitakiwa utaitwa."

Nyanya aliyachukua maneno hayo kama ahadi. Toka siku hiyo hakwenda shamba, hakwenda arusini, hakwenda Kisauni kumwona mama. "Nikiitwa nisikosekane," alisema. Alikaa barazani na ukili wake, na kila akipita mtu aliyevaa viatu vizuri, mkono ulisimama. Mjomba akapelekwa rumande. Kesi ikawa inasogezwa mbele, na ikifika siku yake inasogezwa tena. Mama alikuja kutoka Kisauni akavuka kwenda mjini akarudi, akavuka akarudi, na kila akirudi nyanya humuuliza jambo moja: "Wamemuuliza?" Mama akajibu, "Bado." Usiku nilimsikia nyanya akimweleza mama, kwa sauti ya kujifariji, "Hawajampata mtu wao mwenye akili. Akija mwenye akili atakaa naye chini, atamuuliza, na mambo yatajulikana." Mama alikuwa anajua nyanya anamsema nani.

Katika siku hizo ndipo mchezo wa Kijana ulipoanza.

Tulikwenda. Nafikiri nyanya alikwenda kwa sababu ya mwanawe, kama mtu anayekwenda kusikiza habari. Kijana alikuwa ameota ndevu. Mji wake mpya ulikuwa wa joto, magari yanalia honi, watu wanakasirika upesi, na ofisini kwake simu haziishi kulia. Chupa ya chai aliyopewa na mzee ilionekana siku ya kwanza juu ya kabati, halafu hatukuiona tena. Mchezo ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwanza, na adhana ya isha ikawa inaukuta katikati. Nyanya akisikia adhana huinuka, hata kama mtu amenyooshewa bunduki. Mwisho hakuwahi kuuona hata mmoja.

Na mfasiri alikuwa mwingine. Mke wa baharia alikuwa na binti anayesoma sekondari mjini, msichana mpole na mkweli, akafasiri kile kilichosemwa na hakuzidisha hata herufi.

"Asemani huyo?" nyanya huuliza.

"Asema hajui."

"Maneno yote hayo, hajui tu?"

"Ndiyo, nyanya. Asema hajui."

Watu wakaanza kupungua. Walisema mchezo umeharibika, Kijana hana adabu, hakuna utamu. Hayo yalikuwa maneno ya mtaa mzima na mimi niliyabeba mpaka utu uzimani. Lakini wiki ile ya Mkomani niliutafuta na huo wa pili, nikautazama peke yangu siku kadhaa, na sina budi kusema kweli. Ule wa kwanza ni mchezo mwepesi. Watu wake ni kama sanamu, na mzee anajua kila kitu kabla hajaambiwa. Wa pili ni kazi ya watu wazima. Kijana anakosea, anachelewa, anamjua mwenye makosa na hana la kumfanya. Anarudi nyumbani, anakaa gizani na viatu vyake. Aliyeuandika aliijua dunia. Pale uani hatukutaka kuijua dunia, tulikuwa tayari tunayo.

Alhamisi moja mwanamke aliingia ofisini kwa Kijana, kitambaa kichwani, mkoba ameukumbatia kifuani. Nyanya akajisogeza mbele kwenye mkeka.

"Asemani mama huyu?"

"Asema mwanawe hakufanya."

"Na Kijana asemani?"

"Asema atakwenda kuangalia."

"Mwaona!" nyanya akatugeukia sote, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo sikuiona tangu siku ile ya kibandani. "Mwaona? Huyu ataitengeneza." Palepale adhana ikaanza. Alisimama nusu, akaketi, akasimama tena. Akaenda kuswali.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kupiga hodi kwa jirani. Msichana alikuwa anapiga mswaki kisimani.

"Mwanawe yule mama, walimfungulia?"

Msichana akatema maji, akamtazama mamake, akanitazama mimi. Mke wa baharia alikuwa anamkonyeza. Lakini nimesema alikuwa mkweli. "Hawakuonesha, nyanya. Kijana alikwenda, akarudi, akaketi. Mchezo ukaisha hivyo hivyo."

"Utaishaje hivyo hivyo?"

"Umeisha tu, nyanya."

Nyanya akashika kiguzo cha kisima. "Basi si mchezo huo," akasema, na akarudi nyumbani. Kwa jirani hakwenda tena siku ya Alhamisi.

Mjomba alitoka mvua za vuli zimeanza. Tulivuka mimi, mama na nyanya, tukakaa kwenye benchi la nyuma kortini, nyanya amevaa kanga mpya chini ya buibui kwa kuwa labda leo ndipo ataitwa. Yote yalisemwa kwa Kiingereza, haraka, kama watu wanaopeana mizigo. Mjomba alisimama, akakaa, kisha mlango wa kizimba ukafunguliwa. Karani akatuelezea nje: mwenye redio hajatokea tangu kesi ianze, kwa hivyo kesi imefutwa, mchukueni.

"Wamesema hana makosa?" nyanya akauliza.

"Wamesema aende nyumbani."

"Nimesikia. Lakini wamesema hana makosa?"

Karani alikuwa ameshageuka, anaita jina la mtu mwingine.

Mtaa ulimpokea vizuri. Mke wa baharia alipika pilau, watu wakaja kumpa pole, na Alhamisi iliyofuata wakamchukua karibu kwa nguvu mpaka uani, wakampisha mahali pake ukutani. Hata fundi cherehani alikuja, akakaa mbele kabisa, uso uko tayari kucheka. Nyanya alibaki nyumbani. Mimi nilikwenda.

Mchezo ukaanza. Kijana akaingia katika chumba, na mtu mmoja amesimamishwa ukutani. Askari mwengine anamfokea.

"Asemani?" wakauliza kwa pamoja, wanacheka tayari.

Mjomba alikuwa amekonda, na sauti yake imeshuka. "Anamwambia akae chini," alisema.

Tukangoja. Kwenye televisheni midomo inakwenda mbio.

"Na yule?"

"Yule..." Mjomba akajaribu. Nilimuona akijaribu. "Yule anasema hakufanya yeye. Hawamsikizi."

Akatupita, akatoka kwa mlango wa uani, na hakuna aliyemfuata. Mke wa baharia alifunga ile milango ya mbao ya televisheni, watu wakakunja mikeka mmoja mmoja.

Kibanda hakukifungua tena. Alilima kishamba cha nyanya, mihogo na mbaazi, akawa mtu wa maneno machache, mwema, asiyekaa karibu na redio. Miaka ikaenda. Stima ikaingia mtaani. Baharia alirudi kwa mara ya mwisho, akauza nyumba, wakahamia upande wa Changamwe, na aliyenunua akajenga ghorofa mahali pa uwanja wetu, kisima kilifukiwa. Watu wakawa na televisheni zao, za rangi, milango imefungwa. Ukipita jioni unaona mwanga wa buluu dirishani na husikii mtu akiuliza asemani huyo.

Nyanya alizeeka, akili ikawa inakuja na kwenda. Majina yetu yalimtoka, swala aliisahau katikati, lakini Jumatatu ile haikumtoka. Kila aingiaye na shati lililopigwa pasi alishikwa mkono na kuketishwa: wa kuhesabu watu, wa kuuza dawa, na siku moja msomaji wa mita ya stima. Nilikuwa nimekwenda kuwaona. Bwana yule aliketi kwenye ukingo wa kiti, kalamu mkononi, naye nyanya akaanza.

"Alikuwa na homa, afande. Nilimpikia uji wa mtama. Nilikuwa hapa mlangoni, hapa, mguu wangu uko hivi. Hakutoka."

Mjomba alikuwa kwenye kitanda cha kamba, nywele zimeingia mvi. "Mama," alisema taratibu, "mimi niko hapa. Nilitoka zamani."

Nyanya akamgeukia, akamtazama kwa adabu ya kumtazama mgeni. "Ngoja, baba, zamu yako itafika. Namaliza kwanza ya mwanangu."

Msomaji wa mita akatutazama tumsaidie. Aliuweka mkoba wake chini, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha nyanya akaanza tena mwanzo.

Alikufa mwaka ule ule. Mjomba ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Watu walipotawanyika nilimkuta amesimama peke yake kando ya ukuta wa makaburi, mikono imejaa udongo.

"Sasa," aliniambia, "hakuna tena anayejua nilikuwa wapi siku ile."

Nilitaka kumwambia mimi najua. Lakini Jumatatu ile nilikuwa shuleni.